Joab Alipoitikia Jina la Ogola

Shamba la Chai, njia ya Kimulot,
Kericho.
9 Agosti 1936

Mpendwa kaka Phelix,

Nakusalimu katika jina la Mwokozi wetu, wewe na wifi Ajwang hapo Kampala. Ule mguu wako uliovimba umepona? Huku watoto ni wazima. Juzi mvua ya mawe ilipukutisha chai, tukakaa bila kuchuma. Mwenye afya mbaya ni mume wangu Joab, naye ndiye sababu ya barua hii. Naogopa, kaka.

Unamkumbuka Kapteni, yule mzungu ambaye Joab anampikia. Alianza uaskari akiwa kijana, akapigana na Makaburu, halafu akaletwa Keya, lile jeshi la Waingereza la askari Waafrika. Katika vita vya Wajerumani aliumia mkono na kichwa. Serikali ikampa shamba hapa pamoja na wenzake walioumia. Walipanda kitani, kikawashinda, wenzake wakauza wakaenda zao. Yeye alibaki akapanda chai. Bibi yake alichoka na upweke, akarudi Ulaya.

Si mtu mbaya. Nilipokuwa karibu kufa na uzazi wa huyu wetu wa mwisho, Kapteni mwenyewe alinipeleka hospitali ya misheni kwa lori, akilisukuma matope yakimfika magotini. Kwa hiyo Joab hataki kusikia neno juu yake.

Lakini tangu masika akili ya mzee imerudi vitani. Alianza kumwita Ogola. Huyo alikuwa koplo wake, aliyeachwa kulinda kivuko cha mto kule Tanganyika, akafia hapo. Kapteni anamwita mpaka analia, chakula hagusi. Basi siku moja Joab, kwa huruma tu, akaitikia kama askari kwa ofisa wake: "Niko hapa, Efendi." Mzee akatulia, akala.

Wewe unajua, kwetu mtu haitikii jina la marehemu. Mimi nimeokoka, mambo hayo nimeyaacha, lakini mwili ulinisisimka. Joab alicheka tu, akasema afadhali kuwa koplo kuliko kuwa mpishi. Wanawake wa laini, zile nyumba za wafanyakazi, nao wakaanza kuniita Mama Koplo.

Kicheko kiliisha Kapteni alipotoa amri. Alishika bastola, akamwonyesha Joab kijito cha chini ya shamba: asimame pale mpaka apokewe zamu, na akiondoka atapigwa risasi kama mtoro. Basi kila alasiri Joab anasimama mvuani, mzee anamwangalia kutoka barazani mpaka usingizi umshike. Kifua kikaanza kumbana. Nikamwambia tuhame, twende kwa ndugu zake karibu na Soin. Akasema mgonjwa haachwi.

Jana nilimwona akiyumba, ameshikilia mti. Sikumuuliza mtu. Nilipanda barazani nikapiga magoti mbele ya ile bastola.

"Bwana, Ogola alikufa. Yule ni Joab, mume wangu, na yeye pia atakufa."

Kapteni alinitazama mpaka nikajua ndiyo siku yangu. Kisha akauliza polepole, "Nani alimpokea zamu?"

Nikamwambia hakuna.

Akavaa kofia, akateremka mvuani, mimi nyuma yake naomba Mungu. Alipofika mbele ya Joab alipiga saluti. "Ogola, nenda nyumbani. Mimi nimefika."

Joab alitaka kumshika mkono warudi pamoja, lakini mzee akamwelekezea bastola. Nikamvuta mume wangu nikamleta nyumbani.

Kaka, Kapteni yuko pale tangu jana, amelowa, hajala. Nyapara Gekara alijaribu kumkaribia, akaulizwa jina. Aliposema Gekara, risasi ikapita juu ya kichwa chake. Sasa wamepeleka habari polisi, na hao watakuja na bunduki.

Joab anawaka homa lakini anataka kuinuka. Anasema, "Jerusa, nipe viatu. Nikimwitikia atanijua, atarudi." Nimekaa mlangoni ninapoandika, viatu viko chini yangu, naye ananisihi. Nikimwacha aende nampoteza mume. Nikimzuia nitasikia mlio wa bunduki huko chini, na mtu aliyenifikisha hospitali atakuwa amekufa mikononi mwa polisi. Tuombee hata kama barua hii itafika mambo yakiwa yamekwisha.

Nisalimie wifi Ajwang, na Opiyo wetu, mwambie shangazi anamkumbuka. Mkono wa Bwana uifunike nyumba yenu.

Ni mimi dada yako akupendaye siku zote,
Jerusa Akeyo