Benchi la Kusubiria Majibu

Jumatatu, 10 Machi
Nimefungua maabara saa moja. Nimefagia, nimefuta hadubini, nimeifunika tena. Wagonjwa watatu tu, wote nimewapima kwa kimashine kipya cha mkononi. Tone la damu kwenye kadi, figo inasomeka hata chai haijapoa. Zamani sampuli ilipanda basi hadi Biharamulo mjini, majibu wiki iliyofuata. Sasa kila duka la dawa hapa Nyakanazi linapima. Vyumba vitatu nilivijenga kwa kuuza mahindi yangu, hakuna aliyenishika mkono, na sasa kazi yote inatosha kwenye mkoba. Inaniuma.

Jumatano, 12 Machi
Shangazi amekuja kutoka Kaniha, miguu imevimba. Nimempima. Figo zimechoka vibaya. Nikamwambia aende hospitali leo leo. Akacheka.
"Damu yangu haijakaa hata kidogo, wewe umeshasoma? Hiyo si simu, mwanangu?"
Amerudi kwake. Nina hasira naye. Hofu imezidi hasira.

Alhamisi, 13 Machi
Kazi hakuna. Nakumbuka benchi la nje lilivyojaa. Vioo vya damu vinakauka, watu wanamenya karanga, wanaulizana habari za kule Nyamigogo, mvua, mahari. Marehemu mume wangu nilimkuta hapo, mwisho wa benchi, anasubiri majibu ya malaria. Alipona, akaendelea kuja. Watu waliamini majibu kwa sababu waliyasubiri. Shangazi hakusubiri chochote.

Ijumaa, 14 Machi
Nimemfuata Kaniha kwa bodaboda. Amekubali kuja, kwa masharti: "Unipime kama zamani." Kimashine ni kile kile. Jibu likatoka upesi vile vile. Sikulisema. Nikamweka benchini, nikaleta chai na karanga, nikakaa naye. Tukamsema kila ndugu. Jua likatufikia miguuni.
"Bado tu?"
"Limetoka, shangazi. Ni lile la juzi."
Akakung'uta maganda kwenye kitenge.
"Haya. Nipeleke."

Jumanne, 18 Machi
Shangazi bado amelazwa. Uvimbe umeanza kushuka. Daktari anasema tumewahi, lakini si sana. Nimeshukuru, nimelia kidogo, nimefungua maabara.
Dereva wa lori aliyekuja kupimwa alipewa majibu yake dakika ile ile. Hakuondoka. Akakaa benchini anakula karanga, anatazama barabara. Sikumwuliza. Nimetoka na kikombe changu, nimekaa mwisho wa benchi.