Funga ya Sita Juu ya Mawingu

Jumapili, 5 Aprili
Nimefunga ya nne leo. Nimepalilia muhogo hadi adhuhuri, na sukari yangu hii hii wanayoniogopeshea. Mtambile nzima hakuna mzee wa umri wangu anayefunga zile sita za mfunguo mosi, baada ya Ramadhani, mfululizo. Kombo, jirani yangu, hupumzika katikati.

Kesho safari. Mwanangu Mariamu anaolewa Toronto, Kanada. Shehe kaniambia niweke wakili, nisijitese. Sitaki. Mie ndiye walii wake, baba mzazi. Nitamwoza kwa mkono wangu.

Kombo kaja barazani kunichokoza. "Yakhe, hizo mbili ziache. Utaanguka huko juu, wakuteremshe kwa kamba." Nikamwambia, "Weye boti ya Unguja tu inakutapisha." Kajiondokea.

Jumatatu, 6 Aprili
Ya tano. Ndege ndogo, Pemba mpaka Dar. Sijakaa vizuri tumeshuka. Kumbe kusafiri ndiko huku! Mariamu kalia kwenye simu. Anasema msafiri karuhusiwa kula, na daktari wa Chake Chake kakataza nisikae na njaa. Yote nayajua. Tena hii ni sunna, si faradhi. Siiachi.

Nimefuturu hapa uwanjani, tende na maji. Usiku tunaruka.

Jumanne, 7 Aprili
Daku nimekula Doha. Tumeruka tena, jua limeshatoka. Kioo mbele yangu kinasema kilomita elfu kumi na moja, saa kumi na nne. Basi magharibi itanikuta njiani. Kitu kidogo.

Mawingu chini kama sufi iliyopasuka. Nalala. Naamka. Jua palepale.

Saa yangu inasema magharibi. Kombo sasa yuko msikitini. Dirishani mchana mweupe. Mama mmoja wa Tanga, kakaa kiti cha pili, nimemsimulia harusi, naye kanieleza. Ndege inalifuata jua linakokwenda kuchwa. Hata tukishuka litakuwa bado juu. Nimekasirika. Siwezi kufuturu na jua naliona.

Chini barafu tupu. Sijui naota. Nimemwona marehemu mke wangu anaanika karafuu juu ya barafu, mkeka mrefu hauna mwisho. Hakuniangalia. Jasho la baridi. Sukari inashuka.

Mama wa Tanga kapandisha sauti. "Babu, kunywa! Unakwenda kuoza au unakwenda kuzikwa?"

Nimeutazama mkono wangu. Ndio huu wa kumshika bwana harusi. Unatikisika kama jani.

Nimekunywa juisi ya embe. Glasi mbili. Jua linanitazama. Nimefungua mwenyewe, hakuna aliyenishinda.

Ijumaa, 10 Aprili
Nimemwoza. Sauti yangu imeujaza msikiti. Mkono madhubuti. Aliyetetemeka ni Saidi, bwana harusi, kijana mpole. Shehe wa huku kanisifu. Mariamu kalia. Mie sikulia. Kidogo tu.

Jumapili, 12 Aprili
Asubuhi. Baridi. Miti ya huku haina jani hata moja.

Mariamu kanipikia uji. Kaniuliza, "Baba, umeona mbali?" Nikamwambia hapana, kama kutoka Mtambile kwenda Wete. Kacheka.

Keshokutwa narudi. Yeye anabaki.

Nimekaa dirishani. Ndege zinapita juu, ndogo, hazina sauti. Kila moja naifuata kwa macho mpaka inapotea.