Mfereji wa Baba Umeandikwa

Merti, Isiolo
Septemba 1984

Mama yangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Goti linasemaje? Na yule ng'ombe mwekundu, ameshazaa? Mimi ni mzima. Usiniulize kama nimekonda, nimekonda.

Kazi yangu bado ni ile ya kusoma ubao wa namba uliosimamishwa mtoni, niandike maji yamefika wapi. Kila asubuhi jirani yangu Guyo, mchungaji, hupita akaniuliza, "Maji ya leo iko ngapi?" Tangu Julai namba ni sufuri. Watu wanachimba mchangani.

Mwezi wa nane Guyo alitaka kuhamia visima vya mbali, ng'ombe wakiwa bado na nguvu ya kutembea. Siku hiyohiyo redio ya ofisi ikasema mto umepanda kwenye kituo cha juu, kile kilicho karibu na kwetu. Nilimkimbilia kwa furaha. "Ngoja, mzee. Siku tano maji itakuwa hapa."

Akangoja siku tano, akangoja kumi. Alipoamua kuhama, ng'ombe hawakuweza kusimama. Amebaki na ndama mmoja.

Nilikwenda kumwomba msamaha. Akanipa stuli nikae, akasema, "Wewe ulisema kitu uliambiwa. Mto ndio haikusikia." Sikulia, Mama. Tangu siku hiyo nimekufa ganzi. Nakula, nalala, naandika sufuri.

Halafu sisi wasoma ubao tukaitwa mafunzoni Isiolo mjini, wiki mbili. Tulifundishwa kuhesabu maji ya mto mzima pamoja: yaliyopita juu, yaliyotolewa njiani, yaliyobaki ya kufika chini. Mkufunzi akagawa karatasi, kila mtu aandike mifereji anayoijua isiyo na mlango wa kufungia, ili ofisi iende kuiwekea. Mimi nikachukua namba za zile siku za Guyo, nikawa natoa daftarini mwangu maji ya mfereji mmoja baada ya mwingine. Maji yaliisha hata kabla ya nusu ya safari.

Mmoja wa mifereji hiyo ni wetu, ule aliouchimba marehemu Baba. Kabeji zako zilikuwa zinakunywa siku hizohizo. Sikulaumu. Maji hayo ndiyo yamenilea, na sikuwahi kuuliza chini wanabaki na nini.

Karatasi yangu ilikaa tupu mpaka saa ya chai. Kisha nikaandika jina la Baba.

Mlango ukiwekwa mtapata maji kwa zamu, na shamba letu la chini litakauka. Najua ndilo linalokulisha wewe na dada Kanana na watoto wake. Nimetafuta huruma ndani yangu, sijaiona. Labda iko njiani.

Msalimie Kanana, na baba mdogo anayesafisha mfereji, na mama mkwe wangu, ambaye namkosea kwa kutomwandikia. Wakija watu wenye vigingi na kamba za kupimia, baba mdogo asiwatukane. Wapikie chai, Mama. Ni mimi niliyewatuma.

Mwanao,
Mwenda