Kelele Nilizozikata Kwa Albamu

Jumanne, Kiamunyi

Na mimi nilidhani albamu imeisha. Ni yangu ya kwanza: nyimbo nane za dub, ile reggae ya mwangwi na besi, zote zimejengwa juu ya sauti ya marehemu baba akitafsiri filamu kwa maiki, kwa kile kibanda chake cha kuonyesha video, Karagita. Kanda aliyorekodiwa ilikuwa na kelele za watu. Nilizikata moja moja, wiki nzima.

Leo nimemchezea mathe wimbo mmoja akichagua maharagwe. Baba anasema, "Stering hafi," yaani shujaa wa filamu, ananyamaza, halafu, "Tulieni muone." Hapo anaponyamaza nimejaza mwangwi na besi. Ndiyo sehemu ninayojivunia.

Mathe akauliza, "Na mimi uliniweka wapi?"

"Wewe aje, mum?"

"Si nilikuwa nauza chai hapo nyuma. Alikuwa ananyamaza ndio niite watu: chai moto, mandazi! Nikimaliza, anaendelea."

Hakukasirika. Alirudi kwa maharagwe yake, ambayo nilitamani yangekuwa mengi zaidi, asiinue macho kuniangalia.

Niliogopa nimefuta kila kelele niliyoikata. Sijafuta. Nimempata sasa hivi, sauti yake ya usichana ikiita chai moto, kwa faili niliyoipa jina mwenyewe: "Takataka."