Kitambaa Chenye Kona Nyekundu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na shemeji bado anakoroma hadi cherehani inatikisika? Watoto nawabusu wote, hata yule aliyenichoma pini. Mimi mzima, ila nimekonda. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika penye aibu.

Ijumaa nilivaa suti uliyonishonea, nikaingia kutetea tasnifu yangu mbele ya watahini watatu. Mmoja ni mwalimu wangu, tunayemwita Chaki kwa kuwa anayo hadi kwenye nyusi.

Umeniuliza mara mia nasoma nini hasa. Laza kitambaa cha mraba mezani. Kuna namna nane za kukizungusha na kukipindua kikakaa tena palepale. Nane ni mbili mara mbili mara mbili. Namna hizo zote kwa pamoja tunaziita kundi. Makundi ninayoyasoma ndiyo ya aina hiyo: idadi ya vitendo vilivyomo hutoka kwa namba tasa moja tu inayozidishwa yenyewe kwa yenyewe, iwe mbili, tatu, tano au nyingine. Nami nilithibitisha, kwa aina fulani ya makundi hayo, kwamba kama kitendo ukikirudia mara tano kinakurudisha ulipoanzia, na kingine vilevile, basi hata ukiviunganisha, mara tano zitakurudisha. Na si tano tu. Niliandika kwa herufi nzito: namba tasa zote.

Niliongea saa nzima. Watahini wakatoka kushauriana, nikabaki na jasho. Nikachomoa kile kitambaa ulichokitia uzi mwekundu kwenye kona, nikajifuta, kisha nikakilaza mezani nikawa nakichezea. Nikakipindua juu chini, halafu kwa mshazari. Kila mpinduo peke yake, ukiurudia mara mbili, kitambaa kinarudi kilivyokuwa. Nikaiunganisha yote miwili, nikarudia mara ya pili. Kona nyekundu, iliyotakiwa kuwa imerudi mahali pake, ilikuwa imekaa upande wa pili ikinitazama.

Nilikuwa nimeisahau mbili. Ukurasa wa kumi na tisa nimegawanya kwa mbili kwa raha zangu, bila kujiuliza itakuwaje namba yenyewe ikiwa mbili.

Sasa niungame. Mama nimemwambia kwamba watahini walinikamata. Si kweli, hakuna aliyeona. Walirudi wakanipa mkono, Chaki akaagiza chai, nikatia kitambaa mfukoni. Kikombe kikiwa mdomoni nikakumbuka siku ulipofumua gauni la bibi harusi aliyekwisha kuridhika, kwa ajili ya mshono wa ndani usioonekana na mtu. Nilikucheka hadi ukanitupia tepu. Nisamehe kwa kicheko kile. Niliweka kikombe chini, nikakitoa tena kitambaa nikakilaza mezani, nikasema, “Samahani, kwa mbili si kweli.”

Chaki alishika kichwa. Mtahini wa nje, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, akakichukua kitambaa akakipindua mwenyewe, na wenzake wakamzunguka utadhani wako dukani kwako. Chai ikapoa. Wamenipa miezi sita ya kurekebisha, kwa hiyo mwaka huu sihitimu. Tafadhali mwambie Mama ukweli wewe, akiwa ameshakula.

Kitambaa sirudi nacho. Yule mama amekiomba awe anafundishia, na anataka vingine sita, kona nyekundu ileile. Na ukurasa wa kumi na tisa sasa una mfano unaoonyesha kwa nini mbili imetolewa. Nimeupa jina Kitambaa cha Dada.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na cherehani pia.

Mdogo wako,
uliyeanza kumwita Profesa mapema mno