Baba, Mti Wako wa Debe Umekauka

Mpendwa Baba,

Mti wako wa avokado umekauka. Naanza na hilo kwa sababu ungekuwa hai ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya hali zetu, nasi tungenuna kidogo kama kawaida. Mama hajui kwamba ninakuandikia. Yuko nje anamenya viazi, na mimi nimejifungia chumbani kwenu, katika nyumba hii uliyoijenga huku kijijini kwenu magharibi na ambayo hukulala ndani yake ila likizo za Desemba.

Nakumbuka siku tulipoununua. Ilikuwa Jumamosi, umetoka kazini mchana na rangi ya kiwandani bado imekuganda kwenye kucha, ukaniambia nivae viatu twende kwa wauza miche kando ya Barabara ya Jogoo. Nikavaa raizoni zangu mpya, zile za soli nene. Ukacheka mpaka ukakohoa.

"Na ukianguka kutoka huko juu, nani atakuokota?"

Muuzaji alikukimbilia na mche mrefu ambao tayari ulikuwa na maua. "Mzee, chukua hii ndefu bana. Hii itakupea matunda saa hii saa hii."

Ulichuchumaa, ukaugeuza mfuko wa nailoni uone mizizi imetokeza kiasi gani kwa chini, ukapitisha kidole pale shina lilipoungwa na la mti mwingine, ukakwaruza gome kwa ukucha kuangalia kama ndani kuna kijani. Mche mmoja baada ya mwingine, na mimi miguu inaniuma. Mwishowe ukachukua mfupi, mnene, usio na ua hata moja. "Yule mrefu amelazimishwa," uliniambia. "Huyu bado ana nguvu zake." Mimi nilinuna njia nzima. Nilitaka ule wenye maua, Baba, nilitaka tufike nao Mbotela, mtaani kwetu jijini, majirani watoe macho.

Wakati ule laini yetu nzima, safu ile ya nyumba za kukodi za kansili, ilikuwa ikipanda miti mbele ya milango. Mama Wambui wa mlango wa pili alipanda mlimau wake ardhini na ukashika vizuri. Wewe ulitoboa debe la mafuta ya kupikia kwa msumari, ukatandika kokoto chini, ukachanganya udongo na mbolea ya kuku iliyokauka, ukautia mti humo. Mama Wambui akashika kiuno.

"Baba Nekesa, si uweke mti chini kama watu? Ama unangojea gari ya kuhama?"

"Hii ni ya kwenda nyumbani," ukamjibu. "Hapa sisi tunapita tu."

Tunapita tu. Nimelisikia neno hilo tangu nikiwa mdogo. Ndiyo maana kuta zetu hazikupakwa rangi, na wewe unashinda kwenye rangi kutwa! Mama akitaka kabati, kabati litanunuliwa nyumbani. Nikitaka kitanda, mbao nzuri ziko nyumbani. Tulilala sebuleni nyuma ya pazia miaka nenda miaka rudi, na kila kizuri kilipanda basi kuja huku. Hasira hizo nilishaziacha. Lakini usidhani hatukuwa tunaona.

Na mti wenyewe ulivyoutunza! Maji ya sabuni yalikuwa haramu. Maji ya kuoshea mchele ndiyo yaliyokuwa yake. Jua likizidi ulisogeza debe kivulini, mvua ikizidi ukaliingiza kibarazani. Kutu ikila debe, ulilipasua taratibu na kuuhamishia mti kwenye jingine, udongo ukiwa mzimamzima, na ole wake atakayeuangusha. Ulipozaa, tulikula zile avokado kwa chumvi tukiwa tumekuzunguka, na wewe ukasema zingekuwa tamu zaidi kama zingekulia nyumbani.

Kisha kifua kikakuchukua kabla hujastaafu.

Asubuhi tulipokuleta huku, Mama alimsimamisha dereva. Alisema haendi popote bila ule mti. Debe likapandishwa juu ya basi, likafungwa kamba, na matawi akayafunika kwa leso yake upepo usiyachane. Jeneza lako ndani, mti wako juu. Watu wa laini walitazama, na hakuna aliyecheka.

Tulipokwisha kukuzika, baba mdogo alichimba shimo karibu na kaburi. Alipoutoa mti debeni alishika kisu, akataka kuuvunja udongo ule na kuifungua mizizi ipate njia. Mama alimshika mkono.

"Usiguse. Huo udongo aliushindilia yeye mwenyewe."

Nani angebishana naye siku ile? Mti ukaingia shimoni kama ulivyokuwa, na pembe zake nne.

Mama akabaki huku. Alisema hawezi kuwaachia watu wengine mti wako. Kila nilipokuja likizo niliukuta umepungua, majani ya manjano, vitawi vikavu kutoka juu, na yeye anapanda kutoka mtoni na ndoo. Naye pia alikuwa akipungua. Wanawake wa huku ni wema, lakini waliolea watoto pamoja naye hawako huku. Jioni ananiuliza kama Mama Wambui bado anauza mboga zake za sukuma, nani sasa anaimba sauti yake kwenye kwaya ya kanisa, ni nani amezaa. Najibu, na uso wake unafunguka kidogo.

Juzi upepo, tena si mkali, uliuangusha. Tulikwenda wote wawili tukaangalia. Hakuna mzizi hata mmoja uliokuwa umetoka nje ya udongo wa debe, Baba. Mizizi ilikuwa imezunguka humohumo, ikifuatana yenyewe kwa yenyewe, imebaki na umbo la debe, na udongo mweusi wa kwenu umeizunguka pande zote. Mama aliishika, akakaa chini. Nilidhani atalia.

"Nekesa," akasema, "nirudishe Mbotela."

Nimekubali. Tunaondoka Jumatatu. Baba mdogo atasema mjane amelikimbia kaburi, na wacha aseme, lakini wewe nimeona nikuambie mwenyewe. Nyumba tutaifunga. Nimezunguka vyumba vyote leo nikigusa kuta, kwa sababu kila tofali najua tulikosa nini ili lifike hapa. Sijui kama nikuombe radhi au nikukasirikie, na moyo unaniuma kwa yote mawili. Nakukosa sana. Ulitaka sote tuje tuishi huku pamoja nawe, na katika sisi sote, Baba, ni wewe peke yako uliyehamia.

Lala salama.

Ni mimi, binti yako wa kwanza.