Limegoma, Halijafa

Mama,

Shikamoo. Ninalo dai, na nitalitetea mbele ya yeyote: hukuiua gia boksi ya gari lako, kwa sababu gia boksi haikufa.

Fundi Shabani ndiye aliyetoa hukumu ile, tena kwenye matanga yako, sahani ya wali ikiwa mkononi. "Mama yenu alikuwa anaibebesha otomatiki magunia ya alizeti kama lori. Kaiua." Wajomba wakatikisa vichwa. Kaka akaanza kutafuta mnunuzi wa chuma chakavu. Nami, mwanao mwenye shahada ya umeme na mdomo usiochoka, nikaendelea kuwagawia wali. Tulikuwa tumekuzika jana yake.

Lakini nilikumbuka siku gari lilipokwama hapa Misigiri, limeng'ang'ania gia moja. Ulishuka, ukalipiga boneti kofi dogo. "Limegoma," ulisema, "halijafa. Msilizike."

Basi nimelipima. Ndani ya gia boksi mna solenoidi, vikoili vinavyopokea umeme na kuifungulia oili njia ili gia ibadilike. Nilichomoa soketi ya nje, nikavipima kwa mita kimoja kimoja. Vyote vilijibu isipokuwa kimoja. Mwenye haraka angeishia hapo na kutangaza msiba. Mimi nilimwaga oili, nikafungua sampo, lile bakuli la oili la chini, nikakipima kile kile chenyewe. Kikajibu! Kizima kama wenzake. Kilichokatika ni waya unaokifikia, jirani kabisa na soketi. Waya, Mama. Waya tu.

Nimeubadilisha. Jana nililiendesha hadi Singida mjini, likapanda gia zote bila kusita, nikageuka kukutambia. Kwenye kiti palikuwa na kanga yako, imekunjwa kama ulivyoiacha. Ungesema, "Haya msomi, umeshinda kesi, sasa kamata ndoo ulioshe." Nililiosha, Mama. Nililiosha huku nalia.

Wewe hukugoma. Hilo nimelikubali, ingawa mabishano mengine yote bado nayaendeleza.

Pumzika. Naahidi gari halitauzwa chakavu, na alizeti ya msimu huu litaibeba, magunia yanayolitosha. Kesho ni arobaini yako. Ukoo ukishaketi nitaisoma barua hii kwa sauti, mita ikiwa mezani, na maneno ya mwisho nitamwelekezea yeye, si wewe tena: Fundi Shabani, ulimhukumu mama yangu hadharani, nijibu hadharani. Ile gia boksi, uliipima?